Anza Ngamani: Dalili za Merikebu ya Kale na Sababu Zake

Mwaka wangu wa kwanza wa kujitolea katika makumbusho ya bahari huku Marekani, merikebu niliyopangiwa ilianza kuvuja. Nikampigia simu mjomba wangu, fundi wa majahazi aliyeko Pangani, nikiwa nimejiandaa kumtajia urefu wake, aina ya mbao na mwaka ilipoundwa. Baada ya shikamoo na marahaba hakutaka kusikia hata kimoja.

"Maji ya ngama umeyaonja?"

"Bado, mjomba."

"Basi hujui yametoka wapi. Kayaonje, halafu unipigie."

Mjomba hajapata kupanda chombo cha milingoti mitatu maishani mwake. Lakini swali lake ndilo ninaloanza nalo mpaka leo, chombo kiwe cha mwaloni au cha chuma. Shuleni tulifundishwa "kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani" kama fumbo la maisha: tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni sehemu ya chini kabisa ndani yake. Kwa fundi ni maelezo ya kazi: maji yaliyoingilia omoni, yaliyopenya sitahani, yaliyochuruzika kando ya usukani, yote huishia kwenye ngama, na ukijua kuyasoma yatakwambia yalikopitia.

Mwongozo huu ni kwa wenzangu waliojikuta kwenye vyombo vya namna hii, iwe ni kwa kujitolea, kwa ajira au kwa mapenzi tu. Nasema merikebu na sisemi meli, kwa sababu meli ilitujia na moshi na mifuko ya barua. Hizi ninazozisema huendeshwa na upepo na mikono. Mengi ya humu yanafaa hata kwa jahazi kuukuu lililoegeshwa Lamu au Unguja.

Maji yamejaa ngamani

Kwanza ni maji gani? Chombo kisicho na injini unaweza kuchovya kidole ukaonja na kutema. Penye injini usionje kitu, maana ngama ina dizeli na sabuni. Tumia kipimo cha chumvi cha bei ndogo. Usikisie kwa macho.

Yakiwa matamu, achana na mbao za chini. Hiyo ni mvua. Imepita kwenye mishono ya sitaha, kwenye tundu mlingoti unapozama, kwenye vifuniko vya ngazi, au kwenye bomba la maji ya kunywa lililopasuka. Usifurahi kwamba bahari haijaingia. Maji matamu ni mgonjwa mwingine kabisa, na nitamrudia hapa chini, kwa sababu ndiye anayeua merikebu nyingi za makumbusho.

Yakiwa ya chumvi, uliza yanaingia lini.

Yanaingia tangu chombo kilipotoka gudini (mahali pakavu pa matengenezo), na kila siku yanapungua? Mbao zilikauka juu, sasa zinakunywa na kufumba. Hili ni la kawaida, na wenye haraka hulikosea: wanaona maji, wanapigilia kalafati (nyuzi za kuzibia mishono) zaidi kwenye mishono iliyokauka, kisha ubao ukivimba unakosa nafasi na kuisukuma jirani yake mpaka misumari inang'oka. Weka bomba, weka mtu wa zamu, andika kila baada ya saa moja bomba limetoa maji kwa dakika ngapi. Tarakimu zikishuka siku baada ya siku, lala. Zikisimama pale pale baada ya wiki, kuna mshono au tundu la msumari lenye dosari.

Yanaingia mfululizo, chombo kikiwa kimefungwa gatini kimetulia? Tafuta kwenye matundu yaliyotobolewa na binadamu kabla ya kulaumu mbao: mabomba ya choo, ya kupozea injini, mhimili wa rafadha, vali ambazo hazijafungwa tangu nani ajue. Chombo kimeundwa karne ya 19, lakini mabomba yake ni ya mwaka 1970 na hakuna anayeyapenda kiasi cha kuyakagua.

Yanaingia tukiwa tanga juu tu, na zaidi upepo ukiwa upande mmoja? Chombo kikilala, mbao za juu za upande wa demani (ule upepo unakoelekea) zinazama, na hizo zimekaa miaka juani bila kugusa maji. Mishono yake imekauka. Dawa ni kuzilowesha kwa maji ya bahari siku kadhaa kabla ya safari, na kuzitia kalafati upya pale penye mwanya unaoingiza ncha ya kisu. Maji yakiingia pande zote mbili na kuongezeka kadiri mawimbi yanavyokua, kiunzi chote kinacheza, na sasa habari si ya pamba wala katani. Mataruma, yaani mbavu za chombo, hayashiki tena.

Hapo ndipo watu hufa. Tarehe 29 Oktoba 2012 merikebu Bounty, nakala iliyoundwa Kanada mwaka 1960, ilizama nje ya pwani ya North Carolina ndani ya kimbunga Sandy. Watu 16 walikuwemo, 14 waliokolewa. Uchunguzi ulilaumu kwanza uamuzi wa kuiingiza njia ya kimbunga, lakini nyuma ya uamuzi huo kulikuwa na chombo kilichozoea kuvuja, mabomba yaliyozidiwa na maji, na mbao zilizoonekana kuoza wiki chache kabla, kikiwa gudini. Kuzoea ndiko kunakonitisha. Mabaharia wakianza kusema "huwa inavuja hivyo hivyo", hiyo nayo iandike kama dalili.

Kuhusu kalafati yenyewe, huku hutumia pamba kisha nyuzi za katani zilizotiwa lami, zikapigiliwa kwa nyundo ya mbao na patasi butu, juu yake lami ya moto au gundi nyeusi. Kwetu ni pamba na sifa (mafuta ya papa), halafu deheni ya chokaa na shahamu chini. Sioni ipi bora. Kila moja imezoeana na ubao wake. Kinachofanana ni sauti. Mshono uliojaa sawasawa hujibu nyundo kwa mlio mkavu unaopanda, na fundi mzuri hufanya kazi akiwa amefumba macho nusu.

Mbao zinatoa harufu ya uyoga

Turudi kwa maji matamu. Kuvu wa kuozesha mbao wanahitaji unyevu. Ubao ulio chini ya asilimia 20 ya unyevu hauwapi makazi. Chumvi nayo inawazuia. Ndiyo maana chini ya maji ya bahari mwaloni hukaa karne, na juu yake, mita mbili tu, unabomoka kama mkate wa jana. Makumbusho ya Mystic Seaport, Connecticut, yalipokuwa yakiikarabati Charles W. Morgan, merikebu ya kuvua nyangumi ya mwaka 1841, sehemu ya mbao zilizotumika zilifukuliwa katika eneo la zamani la jeshi la majini huko Charlestown, Boston, wakati wa kuchimba msingi wa hospitali. Zilikuwa zimefukiwa huko zaidi ya miaka 100, kwenye udongo ulioshiba maji ya bahari, na zikatoka zikiwa nzima. Mbao ambazo zingeachwa uwanjani zikinyeshewa zisingefika miaka 20.

Wazee wa New England walijua. Walijaza chumvi ya mawe katikati ya mataruma, ili maji ya mvua yakipenya yageuke kuwa maji ya chumvi kabla hayajagusa moyo wa mti. Na sitaha ziliogeshwa kwa maji ya bahari asubuhi na jioni. Mgeni akiona anadhani ni usafi. Ni dawa, tena ina kazi mbili: huzuia kuvu na huweka mbao zimevimba ili zisifungue mishono.

Utajuaje? Harufu kwanza, ile ya shamba la uyoga au ghala lililofungwa. Rangi iliyovimba kama lengelenge. Ubao uliopasuka vipande vya mraba kama mkaa. Kisha gonga kwa nyundo ndogo: mti mzima unalia, mti mbovu unameza sauti. Choma kwa msumari mrefu mahali panapotiliwa shaka, hasa chini ya vifuniko, kwenye pembe ambako boriti za sitaha zinakutana na ubavu, nyuma ya vyumba vilivyofungwa, na popote palipopakwa rangi nene ya plastiki.

Hapo penye rangi nene nina neno. Merikebu ile ya kwangu ilikuwa na mlango wa sitahani uliovuja, na mmoja wetu (sikuwa mimi, ila nilimshikia ngazi) akaufunika kwa turubai la plastiki tangu Oktoba hadi Aprili. Mvua haikuingia. Lakini unyevu wa ndani haukutoka, na majira ya kuchipua tulipofunua tulikuta boriti mbili zina manyoya meupe. Turubai lilizuia tone na likafungia mvuke. Toka siku hiyo, kifuniko chochote cha kipupwe nikikisimika lazima kiwe na mahali pa kuingilia upepo omoni na pa kutokea tezini. Chombo kilichokuwa kikisafiri kilipepewa bila mtu kufikiri. Kilichofungwa gatini lazima kipepewe kwa makusudi.

Usitibu uozo kwa kujaza gundi juu yake. Kata mpaka ufike mti mzima, kisha sogea mbele tena urefu wa mkono, kwa sababu nyuzi za kuvu hutangulia zisikoonekana. Na kabla hujaunga ubao mpya, ziba lile tundu lililoleta maji. Nimeona boriti moja ikibadilishwa mara tatu katika miaka 15 na kila mara fundi akisifiwa.

HMS Victory, iliyoteremshwa majini mwaka 1765, imekaa gudini Portsmouth tangu 1922, haijagusa bahari karne nzima, na adui wake mkubwa huko ni huyo huyo: mvua ya Uingereza, kuvu, na mende watobowao mwaloni ulioanza kulainika. Kuitoa merikebu baharini hakujaiponya. Kumebadilisha ugonjwa tu.

Mgongo umepinda

Dalili za kibiongo huja polepole na mbali na mkuku, ule mti mkuu wa chini unaobeba chombo kizima. Mlango wa chumba cha nahodha unakwama. Kifuniko kilichokaa sawa miaka yote kinaacha mwanya upande mmoja. Mishono ya sitaha katikati ya chombo inafunguka tena na tena hata baada ya kalafati. Kamba za milingoti zinalegea pasipo sababu. Ukiona mawili kati ya hayo, vuta uzi kutoka omo hadi tezi ukapime katikati, au soma alama za kina za omo, za tezi na uzilinganishe na usawa wa maji katikati.

Sababu ni umbo. Katikati merikebu ni nene, na maji yanaibeba sana. Omo na tezi ni nyembamba, zinabebwa kidogo, lakini zimebebeshwa mzigo: milingoti, nanga, vyumba. Ncha zinashuka, katikati inapanda. Zamani shehena ya katikati ilisaidia kukandamiza. Makumbusho yameondoa shehena, yakaweka vioo na maonyesho.

USS Constitution ya Boston, iliyoteremshwa 1797, ilifika mwaka 1992 ikiwa mkuku wake umebinuka zaidi ya sentimita 30. Ilipoingizwa gudini haikulazwa kwenye magogo yaliyo sawa, maana mkuku ungevunjika. Magogo yalipangwa yafuate ule mpindo, kisha yakapunguzwa kidogo kidogo, chombo kikajinyoosha kwa uzito wake chenyewe. Ndani mafundi walirudisha mihimili ya mshazari iliyokuwa kwenye mchoro wa kwanza wa Joshua Humphreys, ambayo vizazi vya katikati viliiondoa. Tarehe 21 Julai 1997 ikatweka matanga yenyewe kwa mara ya kwanza baada ya miaka 116.

Hilo la mihimili linafaa kukumbukwa na kila anayekuta kitu ndani ya chombo cha kale ambacho hakielewi. Kabla hujakitoa kwa kuwa kinaziba njia ya wageni, tafuta kwa nini aliyekiweka alikiweka.

Michirizi myeusi kwenye misumari

Mwaloni una tindikali yake, na ikikutana na chuma chenye maji hutoa doa la buluu iliyokolea, karibu nyeusi. Doa peke yake si kifo. Angalia kama mti uliozunguka msumari umelainika, kama kichwa cha msumari kimezama au kimechomoza. Chuma hukonda pale mbao mbili zinapokutana, kiunoni, ambako maji hupenya. Nje kichwa kinaonekana kizima na ndani pamebaki uzi. Hakuna njia ya mkato: ng'oa michache, mahali mbalimbali, uitazame. Kwenye Charles W. Morgan walitumia hata picha za eksirei kutafuta vilivyojificha.

Kisa kikubwa cha ugonjwa huu ni Vasa wa Stockholm, aliyezama 10 Agosti 1628 na kuinuliwa 24 Aprili 1961. Boliti za chuma zaidi ya 5,000 zilizotiwa miaka ya 1960 ili kumshikilia zilianza zenyewe kumla. Majira ya joto ya mwaka 2000 yalikuwa na mvua nyingi, wageni wakaleta unyevu kwenye nguo zao, na madoa ya unga mweupe na wa njano yakatokea mwilini mwa merikebu. Ilikuwa salfa iliyonyonywa miaka 333 chini ya maji machafu ya bandari, sasa ikigeuka asidi huku chuma kikichochea. Boliti zikabadilishwa moja moja kwa chuma kisichoshika kutu, kazi iliyochukua miaka.

Ukibadilisha, usichanganye. Shaba na chuma vikikaa karibu ndani ya maji ya chumvi, chuma huliwa. Cutty Sark ya mwaka 1869, yenye mataruma ya chuma, mbao juu yake na bati la aloi ya shaba chini, ilitengenezwa kwa werevu ili iwe nyepesi na ya kasi. Werevu huo huo ndio uliozila mbavu zake.

Na kwa kuwa nimeitaja: ilipokuwa katika ukarabati huko Greenwich, 21 Mei 2007, iliungua. Sababu iliyoonekana kuwa na nguvu zaidi ilikuwa mashine ya kunyonyea vumbi iliyoachwa ikiwaka mwishoni mwa wiki. Bahati milingoti na mbao nyingi zilikuwa zimehamishwa. Kwa hiyo jioni, kabla ya kufunga kazi, mtu mmoja mwenye jina lake kwenye daftari azunguke akichomoa kila waya.

Chombo cha chuma: kutu na mengineyo

Star of India ya San Diego iliundwa Ramsey, Isle of Man, mwaka 1863 ikiitwa Euterpe, na bado husafiri. Chuma chake ni cha kufuliwa, cha kale, kinachostahimili kutu kuliko chuma cha kisasa. Usimdanganye mwenzako kwa hilo. Ukiunga bati jipya la chuma cha kisasa kwenye ubavu wa kale, moja kati ya hayo mawili litamla mwenziwe.

Kutu ya nje unaiona, unaikwangua, unaipaka rangi. Ya ndani ndiyo mwizi. Hukaa chini ya saruji iliyomwagwa ngamani zamani ili maji yateleze, chini ya mawe ya uzito, nyuma ya matangi. Dalili: saruji iliyopasuka na kuinuka, kwa sababu kutu ni nene kuliko chuma ilichokula. Pima unene wa bati kwa kipimo cha mawimbi ya sauti, kwa mistari, na rudia mahali pale pale kila mwaka. Kipimo kimoja hakikwambii kitu. Viwili vinakwambia kasi.

Bati likikonda haraka sehemu moja, huku zinki za kinga (vipande vinavyowekwa viliwe badala ya chuma) zikiisha kwa miezi badala ya miaka, shuku umeme. Waya wa gatini unaoleta taa za maonyesho ukivuja, mkondo hupita ubavuni na kwenda baharini, ukichukua chuma. Jirani yako gatini anaweza kuwa ndiye mkosaji, kwa hiyo pima taa zikiwa zimewashwa na zikiwa zimezimwa. Elissa ya Galveston, iliyoundwa Aberdeen mwaka 1877 na kufufuliwa kwa miaka mingi ya kazi, ilikaguliwa mwaka 2011 ikakutwa imeliwa sana chini ya maji. Ilibidi mabati mengi yabadilishwe kabla ya kuruhusiwa tena kutweka.

Kiraka juu ya kiraka ni mkopo. Kati ya bati mbili maji hukaa gizani, na atakayekuja baada yako ndiye atakayelipa.

Kamba zimelegea, mlingoti unacheza

Usikaze kwanza! Mtu akiona kamba za ubavuni zimelegea mkono wake unakwenda moja kwa moja kwenye kukaza, na mara nyingine anavuta mlingoti mzima chini upasue ulipokalia. Uliza maswali haya: jana ilinyesha? Kamba za katani zikilowa hukaza, zikikauka hulegea, na siku ya joto waya wa chuma nao hurefuka. Kama hali ya hewa haikubadilika, shuka ngamani tena ukatazame mguu wa mlingoti. Mlingoti wa mti huozea pale unapopita sitahani, chini ya ile kola ya turubai inayopaswa kuzuia maji na mara nyingi huyatunza, na huozea mguuni ambako maji hutuama. Mguu ukizama sentimita mbili, kamba zote za juu hulegea kwa pamoja. Unaona? Dalili iko mita 30 hewani, sababu iko miguuni pako.

Waya uliovikwa uzi na kupakwa lami ya miti unaweza kuwa mzima kwa miongo mingi, au ukawa umekwisha chini ya vazi lake zuri. Tafuta machozi ya kahawia yanayotoka kwenye uzi, hasa upande wa chini wa macho (vitanzi vya waya) na mapindo. Ukiona chozi, vua vazi hapo. Ukivika tena, fuata mwenendo wa nyuzi wakati wa kujaza na kufunga kitambaa, kisha zungusha uzi wa juu kinyume.

Kapi zinazolia zinahitaji shahamu. Roda, gurudumu la ndani ya kapi, isiyozunguka huikata kamba kama msumeno. Kabla ya mtu yeyote kupanda, mikono ya watu wawili iwe imepita kwenye kila kamba ya kukanyagia chini ya foromali, boriti inayobeba tanga. Hilo halina mjadala hata kwa nahodha.

Matanga

Hapa nitakuwa mfupi. Tanga la pamba au kitani lililokunjwa likiwa bichi hupata madoa ya ukungu kwa siku chache, na doa jeusi likishika, nguvu imekwenda. Lifungue likauke, hata kama ni Jumapili. Matanga ya nyuzi za kisasa hayaozi ila jua huyala. Ukikwangua kwa ukucha na nyuzi zikatoa unga, yameisha. Machaniko yakianzia pembeni, tatizo liko kwenye dasi: kamba ya ukingoni imefupika au imerefuka kuliko kitambaa.

Katika karne ya 19 merikani, kitambaa cha pamba cha Massachusetts, ilishuka Unguja kwa robota mikononi mwa wafanyabiashara wa Salem, hasa baada ya mkataba wa 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said, na nyingine ikaishia kwenye foromali za majahazi. Na Sultana, merikebu ya Sayyid Said iliyotoka Unguja na kufika New York tarehe 30 Aprili 1840 ikiwa hoi, ilipelekwa Brooklyn kwenye karakana ya jeshi la majini ikakarabatiwa kwa gharama ya Marekani. Nikiwa juu ya ngazi na kopo la lami hukumbuka kwamba zamani hizo watu wa huku walikikarabati chombo chetu.

Haigeuki kwenye upepo

Umebisha, yaani umejaribu kuivusha omo upande wa pili wa upepo, omo imepanda hadi kuukabili upepo, ikasimama, halafu chombo kinarudi nyuma. Merikebu ya matanga ya mraba ikikwama hivi ni kama tembo aliyeketi barabarani. Sababu ninazozikuta, kwa mpangilio wa mara ngapi nazikuta:

Mwendo mdogo. Nahodha hakuiacha ichukue kasi kabla ya kusukuma usukani. Chini kuchafu ni ndugu yake: makombe na majani ya miezi mingi gatini hupunguza mwendo kuliko unavyoamini, na chombo cha makumbusho hukaa gatini karibu mwaka mzima.

Uzito umekaa vibaya. Omo ikiwa nzito, inang'ang'ania upepo na tezi inateleza. Omo ikiwa nyepesi mno, upepo unaisukuma isifike. Hamisha uzito kidogo, andika, jaribu tena siku nyingine.

Mikono iliyokosa wakati. Omo inapopita upepo, matanga ya mlingoti wa mbele yanapigwa kwa mbele na kuisukuma omo upande mpya. Wakati huo huo foromali za mlingoti mkuu zinatakiwa kuzungushwa. Mapema mno, zinaua mwendo. Kuchelewa, zinakuwa nzito na watu wanavuta ukuta. Waliojitolea wapya wakiwa wengi, fanyeni mazoezi haya gatini siku isiyo na upepo mpaka kila mtu aijue kamba yake gizani.

Na ikikataa mara mbili, usilazimishe ya tatu karibu na ufuo. Igeuze kwa kupitisha tezi kwenye upepo: achia tanga la mlingoti wa galmi (ule wa nyuma), iache omo iangukie demani, zunguka mpaka upepo utoke nyuma, kisha panda upande wa pili. Utapoteza masafa chini ya upepo, kwa hiyo hakikisha kwanza una nafasi ya bahari upande huo. Jahazi kubwa hugeuka hivyo kila siku, foromali ikipitishwa mbele ya mlingoti, na hakuna nahodha wa Pangani aliyeona haya. Ikishasimama kwenye njia yake mpya, tuma mtu ngamani akatazame maji.